Ng'ombe Aliyeogeshwa

Ng'ombe alinukia sabuni ya kuogea, ile ya waridi. Manasseh Ombati, daktari wa mifugo wa huku Manga, alikuwa ametibu ng'ombe wa kila namna, wenye matope na wenye samadi mpaka machoni, lakini huyu aliyesimama mbele yake alikuwa msafi kuliko waumini wengi asubuhi ya Sabato. Hata kwato zilikuwa zimesuguliwa.

"Amekataa kula," alisema Bathsheba, jirani. "Na mama anasema anapumua kama mtu aliyepandisha gunia huu mlima wote."

Mama mwenyewe, Nyakerario, alisimama nyuma ya mgomba, ametazama upande wa shamba la majani chai. Alikuwa mama mkwe wa Manasseh, na kwa Abagusii kuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake: mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono, hawakaziani macho, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa kuzunguka. Ndiyo maana Bathsheba aliitwa asimame katikati, abebe maneno. Kazi hiyo aliipenda kuliko kulima.

Sasa, kipimajoto cha ng'ombe hakiwekwi kwapani. Manasseh alipouinua mkia, Nyakerario alijifunika uso mzima kwa leso, na Bathsheba akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi.

"Fanya haraka, daktari, mama mkwe anazimia!"

Homa ilikuwa kali. Manasseh akapapasa chini ya sikio, na vidole vyake vikakuta tezi iliyovimba, ngumu kama kiazi kidogo. Juzijuzi tu walikuwa wameitwa semina mjini Kisii, watu wote wa mifugo, wakaonyeshwa ukutani picha ya kupe mkubwa kama mbuzi. Mwenzake Gibson alimnong'oneza, "Huyo hanitishi, mwingine nimemwoa." Wakaulizwa maswali ya kupe na ndigana kali, ile homa ya ng'ombe wanayoileta, na Manasseh akajibu yote bila kukuna kichwa. Tezi ikivimba na homa ikipanda, fikiria kupe kwanza, hata kama ng'ombe hatoki zizini, maana kupe huletwa na nyasi anazokatiwa.

Akayafunua masikio yote mawili. Safi. Ndani palikuwa pekundu kidogo, kama shingo ya mtoto aliyesuguliwa kwenda kanisani.

"Waulize kama wameona kupe," alimwambia Bathsheba.

Bathsheba hakuwahi hata kufungua mdomo.

"Kupe?" Sauti ilitoka nyuma ya mgomba. "Kwangu? Mwambie daktari ng'ombe wa binti yangu Esnah analala mahali pasafi kuliko mimi."

Kumwuliza mama mkwe mara ya pili kungekuwa kama kuinua godoro lake kutafuta kunguni. Na tezi, alijiambia, huvimba kwa mambo mengi. Tena kifua kilikuwa kinakoroma.

"Ni mapafu," alisema. "Baridi ya huku juu."

Akadunga sindano ya mapafu. Chupa ya dawa ya ndigana ikabaki ndani ya begi, ikigongana na makasi njia nzima ya kuteremka.

Huyu hakuwa ng'ombe wa maziwa tu. Manasseh na Esnah walikuwa wameishi miaka mingi bila mahari kutolewa. Kila mwaka ulikuja na shida yake, na wazee wakaambiwa wangoje. Kisha Esnah akaugua, akafa, na wajomba zake wakaja wakasimama langoni kwa Manasseh. Binti yao, walisema, haingii kaburini kwenye boma ambalo halijamtolea ng'ombe. Jeneza likiwa limelazwa uani juu ya viti vya kukodi, mwenye msiba akatoka kwenda kununua ng'ombe. Akampata huyu, mtamba wa gredi, mweusi mwenye madoa meupe, akampandisha pikapu mpaka kwa wakwe. Watu wanasema Nyakerario, aliyekuwa hajalia tangu apate habari, alipokabidhiwa ile kamba ndipo alipolia.

Mtoto hawakujaliwa. Kwa hiyo kati ya Manasseh na boma lile hakukubaki kitu ila ng'ombe. Alikuja kumtazama kila mwezi, akawekewa uji, akaitwa mkwe. Rafiki zake walimwambia aoe mwingine, naye aliwajibu kwamba ana mgonjwa wa kumtazama Manga, hata mwezi ambao ng'ombe alikuwa mzima na mnene. Ng'ombe akiwepo, yeye alikuwa bado mume wa Esnah.

Ijumaa Bathsheba alipiga simu, na safari hii hakuwa na mzaha. Manasseh alifika na pikipiki mpaka njia ilipoisha, akapanda kwa miguu akikimbia. Ng'ombe alikuwa amelala, shingo imenyooka, povu jeupe linamtoka puani. Hakuna mtu wa mifugo Nyamira nzima asiyelijua povu hilo la ndigana.

"Bathsheba. Niambie ukweli. Kulikuwa na kupe?"

Bathsheba alimtazama mama. Mama akatazama chini.

"Masikioni," alisema Bathsheba polepole. "Walijaa kama punje za wimbi kwenye kikapu cha kisonzo. Ile asubuhi mama aliposikia unakuja, tukawatoa mmoja mmoja, tukawatia kwenye mafuta ya taa. Halafu akaenda kuleta sabuni yake mwenyewe."

"Lakini kwa nini, Bathsheba?"

"Wewe ni mkwe, tata, baba yetu. Ukute ng'ombe wako ana kupe? Ungeenda kusema nini kwenu?"

Manasseh alikaa chini, kwenye samadi, na suruali yake ya kazi. Angemlaumu vipi? Tezi ile aliishika kwa mkono wake. Kupe wa masikioni aliwatoa mama. Waliokuwa kichwani mwa Manasseh aliwatoa yeye mwenyewe, kwa adabu njema kabisa.

Alidunga dawa ya ndigana hata hivyo. Mkono ulijua kwamba umechelewa, lakini ulidunga.

Ndipo Nyakerario akatoka nyuma ya mgomba. Akampita Bathsheba, akapiga magoti, akakipakata kichwa cha ng'ombe, akaanza kufuta lile povu kwa leso.

"Manasseh," alisema.

Hakuwa amewahi kulisikia jina lake katika kinywa hicho.

"Atapona?"

"Hapana, mama."

Akaendelea kufuta. Leso ililowa, akageuza upande mwingine.

"Sasa wewe utakuwa unakuja huku kufanya nini?"

Bathsheba, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, aligeuka akatazama chai. Kabla jua halijafika utosini ng'ombe alikoroma kwa nguvu, akanyoosha miguu, na zizi likawa kimya.

Majirani walifika upesi, na visu. Mose alikuja na karai kabisa.

"Mnazika nyama hii yote, daktari? Na mimi nina ndigana ya njaa!"

"Ana sindano mwili mzima," alisema Manasseh. "Tunazika."

Mose alitaka kubisha, kisha akamwona Nyakerario, ambaye alikuwa bado amekipakata kile kichwa. Akaweka karai chini, akavua kofia, akaenda kutafuta jembe.

Mwezi ulipokwisha, Manasseh alikuja. Hakuvaa gambuti, alivaa viatu vya Sabato, na hakubeba begi. Alisimama langoni muda mrefu, maana hakujua aseme amekuja kumtazama nani. Hakuna aliyemwita mkwe. Hakuna aliyemwita kabisa.

Uani, chini ya upenu, kulikuwa na kiti kimoja kilichogeuzwa mgongo kwa mlango, kama anavyowekewa mkwe asikaziane macho na mama. Labda kilikuwa chake. Labda kiliachwa tu pale. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akipukuchua mahindi, na punje zilikuwa zikianguka kwenye beseni kama mvua inayoanza.

Manasseh akakaa pembeni kabisa mwa kiti. Kiti kikalia.

Punje zikakoma.

Alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kifua. Kuku alipita, akamwangalia, akaenda zake. Manasseh akaweka mikono juu ya magoti na kutazama mbele, kwenye chai, asigeuke.

Ndani, punje moja ikaanguka kwenye beseni. Baada ya muda, nyingine.