Aliyepitisha Bolti, Apande

Kwenye karakana ile ya ndege kila mtu alimwita Shemeji, hata mfagizi, na wala si kwa mapenzi. Kazi ya kununua vipuri aliipata kwa kuwa dada yake ameolewa na bosi, basi. Bolti hakuijua, lakini suti alikuwa nayo.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kiti cha mbele cha ndege inayotengenezwa, kafungwa mkanda, jasho linamtiririka. Ndiyo desturi ya pale: aliyepitisha kipuri hukaa kitini kwanza, ndipo kipuri kifungwe, na ndege ikijaribiwa huruka naye. Bosi mwenyewe aliitunga kuwakomesha mafundi wazembe, akaiandika ukutani kwa rangi nyekundu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana! Leo umemgeukia mtu wa nyumbani.

"Nauliza tena," alisema fundi mkuu, mama mmoja asiyecheka ovyo, huku akiigeuzageuza bolti kiganjani. "Cheti chake kiko wapi? Hii inakwenda kushika bawa. Lazima ijulikane imetoka kiwanda gani na nani kaipima."

"Inang'aa hiyo, huoni?" bosi alidakia. "Bolti ni bolti! Funga, tunachelewa."

Shemeji alijifuta jasho kwa mkono wa suti. Bolti zile alizichagua kwenye lundo la vyuma chakavu, mwenye lundo akazisugua kwa mchanga na mafuta, wakazipanga kwenye boksi jipya. Akikiri, kazi kwaheri. Akinyamaza, labda Mungu angemsitiri. Mtu mzima huyo, na ndevu zake!

Fundi mkuu alichungulia ndani ya boksi. "Mbona limeshafunguliwa? Nne hazimo."

"Nilizipitisha mimi alfajiri," bosi alijibu. "Nikamwamuru fundi wa zamu azifunge kwenye ile ndege ndogo iliyopaa muda si mrefu."

"Na ukapanda?"

Bosi alikohoa. "Mimi nina mikutano. Nilimpandisha mke wangu, alikuwa anakwenda kumwona mama yake hata hivyo. Mume na mke si mwili mmoja?"

Mafundi waliangua kicheko. Shemeji hakucheka. Dada yake! Dada aliyembeba mgongoni, aliyembembeleza bosi mpaka yeye akapata hiyo kazi. Alikurupuka bila kukumbuka mkanda, ukamrudisha kitini kwa kishindo.

"Irudisheni!" alipiga kelele. "Nimezitoa kwenye vyuma chakavu! Nimewadanganya, jamani, nirudishieni dada yangu!"

Fundi mkuu hakungoja amalize. Alikimbilia redio, akamwambia rubani ageuze polepole, asiipinde ndege kwa nguvu. Shemeji akafunguliwa mkanda, wengine wote wakatoka nje, macho juu. Bosi, yule yule wa bolti ni bolti, alikuwa kamng'ang'ania Shemeji mkono, wanaomba kwa sauti wote wawili, kila mmoja na sala yake.

Ndege ilitua. Fundi mkuu aliliendea bawa, akaishika bolti moja kwa vidole viwili. Kichwa cha bolti kikabaki mkononi mwake.

Dada aliteremka na kikapu cha dawa za mama yao, akasimuliwa yote. Kisha akamshikia mumewe mlango wa ndege.

"Ingia, mume wangu. Si tu mwili mmoja? Nusu yetu imeshapanda, umebaki wewe."

Bosi alitazama maandishi yake ukutani, akatazama kile kichwa cha bolti, akarudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Nilijua," dada alisema. Akamgeukia mdogo wake, akamtwika kikapu. "Na wewe, mpelekee mama dawa zake. Umweleze mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa nini mimi sikufika."

Shemeji alikipokea kikapu, akasimama nacho pale pale, akiitazama ile ndege na bawa lake bovu. Sasa ndipo alipotamani kupanda.