Piano ya Halina

Kwa miaka kumi na mitano kazi ya Gunvor pale Uppsala ilikuwa kuwapokea wahadhiri wageni wa chuo kikuu. Halina na mumewe, mtaalamu wa mimea, walipomwandikia kutoka Kraków kuuliza kama waje na piano yao, aliwajibu kwa mazoea tu: nyumba za huku ni finyu, iuzeni.

Walipokwisha kuhamia, walimwalika kahawa. Sebuleni Gunvor alikuta ukuta mrefu mtupu, hata kiti hakuna.

“Hapa ingeenea,” alisema taratibu.

“Ingeenea na nafasi ikabaki,” Halina akajibu huku akimkatia keki. “Ilikuwa ya marehemu mama. Kainunua mwalimu mmoja wa shule.”

“Mwandikie, dada. Huenda akakurudishia.”

“Nilishamwandikia. Wanawe wameanza kujifunza. Ningemwambiaje awanyang’anye?”

Nyumba ile ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini kwake, na hakwenda kuitazama. Tangu siku hiyo hamshauri mgeni kabla hajaiona nyumba kwa macho yake. Lakini kwa Halina maji yalikwisha kumwagika, na wakikutana sokoni huzungumzia baridi tu.