Masikio ya Kidomo

Baba yangu ni fundi cherehani, na kiburi chake yeye mwenyewe hawezi kukipima. Kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia, tuliifunika cherehani shuka, naye akabaki kubishana na redio. Kisha mbwa wetu Kidomo, anayebwekea hata kivuli chake, akarudi kutoka kwa kinyozi wa mbwa na onyo: achanwe kila siku mpaka kwenye ngozi, la sivyo manyoya yatajisokota vifundo, na safari ijayo atanyolewa.

"Hiyo kazi yangu," Baba akasema. "Kwa mkono huuhuu. Mkono ukishindwa na mbwa, cherehani iuzwe."

Jamani! Bila ile cherehani Baba angebaki nani? Niliogopa, sikufichi.

Basi kila jioni alikaa barazani, brashi imefungwa kiganjani kwa utepe, akampitishia Kidomo mgongoni. Brashi ikateleza juu juu tu. Kidomo akishachoka huulamba ule mkono, na Baba hucheka: "Nani alisema mkono mtupu haulambwi?" Asubuhi, yeye bado amelala, mimi namvuta Kidomo jikoni, nampa kipande cha mkate anyamaze, nafungua vifundo vya nyuma ya masikio kwa kitana cha chuma.

Siku ya miadi kinyozi akapapasa, akafurahi. "Hongera, mzee! Kitana cha chuma kimefanya kazi kwelikweli huku nyuma ya masikio."

Baba hakuwahi kukigusa kitana cha chuma. Vidole vyake visingekimudu.

Tulipofika nyumbani akaniita.

"Wanafunzi wangu wakipinda mshono, nilikuwa nawashonea upya kisirisiri?"

"Hapana, Baba."

"Nilifanyaje?"

"Uliwapa wembe, wakafumua wenyewe."

"Sasa mimi umenifanya nini?"

Nikalia kama mtoto. "Niliogopa utaiuza."

"Iuzwe isiuzwe, kazi iwe yangu."

Tangu hapo mikono yangu niliikalia. Baba akadai kitana cha chuma. Kikaanguka, akakiokota, kikaanguka tena. Kidomo akabweka, akatukanwa. Niliona kifundo kikikua nyuma ya sikio la kushoto nikanyamaza, mimi nisiyeweza kunyamazia hata mfuniko wa sufuria uliokaa upande.

Miadi iliyofuata kinyozi hakumung'unya maneno. "Mzee, la kushoto limeshikana. Nanyoa." Mashine ikanguruma, sikio likabaki uchi kama kiwiko. Baba akatazama chini. Nikajua cherehani imekwenda.

Kinyozi akahamia la kulia. Akapapasa, akatafuta, akachomeka kitana chake mpaka kwenye ngozi. Kikapita mpaka mwisho bila kukwama.

Baba akanigeukia. "Hili uliligusa?"

"Haki ya Mungu, sijaligusa."

Alinikazia macho muda mrefu, nami sikuyakwepa.

Nyumbani hakukaa hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja pembeni, akaishika shuka kwa mkono wa kulia, akavuta. Ikanasa kwenye gurudumu. Nikainuka, kisha nikakumbuka, nikakaa. Akavuta tena, ikaanguka sakafuni.

"Lete mafuta ya cherehani," akasema. "Na usiniwekee wewe."