Zamu ya Asubuhi ya Sabrin

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, muuguzi Sabrin Abdel-Tawab alivuta pazia la kijani kuzunguka kitanda cha kumi na mbili, akaweka glasi yake ya chai juu ya kabati dogo, akaketi kando ya Haji Bayumi na kumshika mkono. Wodi ya hospitali ya Kafr Mahrus ilikuwa na vitanda thelathini na wauguzi wawili. Yule wa pili, Wafaa, alikuwa upande wa dirishani akibadilisha shuka.

Wiki iliyotangulia wote wawili walikuwa wamepelekwa chuoni kwa siku tatu kufundishwa nadharia ya kujali utu wa mgonjwa. Mhadhiri alieleza kwamba muuguzi akiketi na mgonjwa kwa moyo wake wote, bila kuwaza kitanda kinachofuata, wakati hauwagusi wawili hao. Wafaa aliyaandika maneno hayo kwa kuwa yangeulizwa kwenye mtihani. Sabrin aliyaandika kwa kuwa aliyaamini.

Haji Bayumi alikuwa amelinda lango la mfereji wa kumwagilia mashamba kwa miaka thelathini na minane. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alisema hatafika alasiri. Alimsimulia Sabrin jinsi marehemu mkewe, Nafisa, alivyokuwa akimletea chakula langoni, vitunguu akivificha chini ya mkate kwa sababu mhandisi wa mfereji hakupenda harufu yake. Sabrin alisikiliza. Hakukiwaza kitanda cha kumi na tatu. Ilipofika saa nne na dakika ishirini, tone la dripu lilining'inia mrijani na halikuanguka.

Alipotaka kuinuka, tone lilianguka na pumzi ya mzee ikakatika. Aliketi tena. Pumzi ikarudi, na tone lililofuata likaning'inia. Saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama. Nje ya pazia ilisikika adhana ya adhuhuri, na zamu ya asubuhi ikaisha saa nane kama kawaida.

"Wafaa!" aliita. "Njoo unipokee. Nina mtoto wa kunyonyesha."

"Nikupokee kwa mkono upi, dada? Huu una sindano, huu una beseni."

Muuguzi mkuu, Bi Ihsan, alikuja na daftari la zamu. Kanuni ilikuwa moja tangu zamani: muuguzi haondoki mpaka mwenzake ampokee na kutia sahihi. Zamu ya mchana ilikuwa na muuguzi mmoja.

"Wa kukupokea hayupo," alisema. "Subiri kidogo."

Sabrin alisubiri. Ramadhani ikaingia na kutoka. Ndani ya pazia hakuna aliyefunga wala aliyefuturu, kwa kuwa magharibi haikufika. Wafaa alipitisha sahani ya vileja vya Idi, na vikakaa pale karibu na glasi ya chai, iliyokuwa bado inafuka mvuke. Kamati ya ubora ilikuja, ikachungulia, ikaipa wodi alama zote kumi, na cheti kikabandikwa kwenye pazia. Bi Ihsan aliona kwamba kitanda kile hakitumii dawa, chakula wala shuka, akauliza kama wagonjwa wengine wawili wangeweza kuingizwa humo. Sabrin alimjibu kwamba mikono yake ni miwili tu, na mmoja unashikilia huyu.

Kila Alhamisi, saa ya kutazama wagonjwa, mama mkwe wa Sabrin, Bi Fauzia, alimleta Shahd, yule mtoto wa kunyonyesha, ambaye Sabrin alimwacha nyumbani akiwa na miezi saba. Mara ya kwanza alimpitisha ndani anyonye. Mtoto alinyonya mpaka kengele ya wageni ikalia na hakushiba, kwa kuwa hata shibe inahitaji muda. Tangu hapo alibaki naye nje.

"Ameota jino," alisema kupitia pazia.

"La juu au la chini?"

"La chini. Kamng'ata shangazi yake, na kwa domo lile alistahili."

Matiti ya Sabrin yalibaki yamejaa maziwa ya saa nne asubuhi, yakimuuma. Katika mwezi wa sita wa kusubiri kwake aliona chini ya pindo la pazia viatu viwili vyekundu vikitembea. Mwezi wa nane alimsikia mtoto akiita, "Mama! Mama!" Akaitika, "Naam, roho yangu!" Viatu vikamkimbilia Bi Fauzia.

"Kila siku namwambia mimi ni bibi," alisema Bi Fauzia kwa sauti ya chini. "Haelewi, binti yangu."

Haji Bayumi alikuwa akisikiliza. Wageni walipoondoka alisema, "Nyanyuka uende."

"Nikinyanyuka utakufa, Haji."

"Kwani nilikuja hapa kuoa?"

Sabrin hakucheka.

"Sikiliza. Mwaka mmoja mhandisi aliniamuru nifunge lango, akaenda zake Kairo, asitume amri ya kulifungua. Siku tisa nililinda lile lango. Mpunga wa watu ulikauka na ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Nafisa aliacha kunisemesha mwezi mzima. Sasa wewe unanisubirisha, naye ananisubiri. Unataka aninunie tena?"

Sabrin alimwomba wangoje Alhamisi nyingine, labda muuguzi mpya angeletwa. Mzee alikubali kwa heshima. Alhamisi ilifika, na muuguzi mpya hakuletwa. Haji Bayumi alitamka shahada. Sabrin aliachia kidole kimoja kimoja, akainuka. Tone lilianguka. Alimfumba macho mzee, akamfunika, akafungua pazia.

Nje ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyingine. Bi Fauzia alikuwa amesimama na mtoto, na Bi Ihsan alikuwa na daftari.

"Saa yako inasemaje?" aliuliza Bi Ihsan.

"Saa nne na dakika ishirini na moja."

"Basi zamu yako inaisha saa nane."

"Bi Ihsan, nimekaa miezi minane."

"Hiyo ni miezi ya huku nje. Daftari linafuata saa ya muuguzi. Na Wafaa yuko peke yake na vitanda ishirini na tisa, unataka nifanye nini?"

Ruhusa ya kunyonyesha ilikuwepo kisheria, na Bi Ihsan hakumnyima. Sabrin aliketi kwenye benchi la ukumbini na kumpakata Shahd. Mtoto aliitazama sare, akalitazama titi, akageuza uso. Mdomo wake ulinuka maharagwe. Bi Fauzia alimchukua, akasema watakuja tena Alhamisi.

Sabrin aliporudi wodini, Haji Bayumi alikuwa ameshaondolewa na kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine, fundi cherehani wa makamo asiye na ndugu wa kukaa naye. Kiti kilikuwa pale pale.

"Acha pazia wazi, tafadhali," alisema Sabrin.

"Fomu ya kamati ya ubora inataka faragha," alisema Bi Ihsan, akalivuta.

Mgonjwa aliushika mkono wake, akaanza kumweleza habari za gauni la harusi alilolishona mwaka ule wa mafuriko. Sabrin alikaa ukingoni mwa kiti, akaanza kuhesabu vigae vya sakafu, asije akamsikiliza.