Doa la Kuchora

Dada mtu alikuwa ameapa kwamba hatasoma tena picha ya eksirei maishani mwake, na yule akishaapa, jamani, usijisumbue kumbembeleza.

Kisa chenyewe kilimkaa kooni. Alikuwa daktari wa kusoma picha, jicho lake likisifiwa hospitali nzima. Siku moja akaletewa picha ya kifua ya dereva aliyepata ajali. Akaona ubavu uliovunjika, akaandika majibu chapuchapu ili mgonjwa wa watu apunguziwe maumivu. Kumbe juu ya pafu palikuwa na kivimbe kidogo, naye hakukiona. Kilikuja kuonwa na mwenzake baadaye, dereva akatibiwa, akapona. Lakini dada mtu hakujisamehe. Akachukua likizo, akawa anashinda nyumbani akipiga deki sakafu isiyo na hata vumbi, na likizo ikiisha, basi, anaacha kazi.

Mdogo wake, ambaye ukoo mzima unamwita Profesa tangu utotoni kwa jinsi alivyokuwa akituchosha kwa maswali, ni mtafiti. Kazi yake ni kuyachunguza macho ya madaktari. Anawakalisha mbele ya kompyuta yenye picha za wagonjwa, na kamera ndogo chini ya kioo inafuata macho yao na kuweka nukta kila yanapotua. Alijua fika dada yake alikosea wapi, maana aliwaona wengi wakikosea vilevile: jicho likishapata tatizo moja, moyo unaridhika, na macho nayo yanakwenda likizo. Akamweleza kwa upole, akamweleza kwa ukali. Wapi! Aliambiwa tu kwamba takwimu zake hazina mapafu.

Basi akatunga uongo. Akapiga simu akidai kuna daktari kamwangusha dakika za mwisho na kazi yote itaharibika. Dada mtu hajawahi kumwacha mdogo wake aumbuke hata siku moja. Akavaa viatu huku ananung'unika.

Chumba kilikuwa kidogo, mapazia meusi, kiti kinayumba. Profesa alimpa sharti moja tu: ukiona tatizo, lizibe kwa kiganja, kisha uanze upya kutoka juu kama vile hujaona kitu. Dada mtu akasema huo ni mchezo wa watoto, ila akakubali.

Picha kadhaa zikapita. Ikaja ya kifua yenye doa kwenye pafu. Dada mtu akaliona papo hapo, akaliziba. Profesa, nyuma yake, alikuwa akizitazama nukta kwenye kompyuta yake. Zikapanda shingoni, zikateremka begani, zikatua kwenye mtulinga. Zikaondoka, zikarudi palepale. Madaktari wote waliotangulia walikuwa wameishia kwenye doa. Hakuna aliyefika kwenye mfupa ule.

"Huu ulivunjika zamani, ukaunga na kinundu," dada mtu akasema taratibu. Kisha akageuka na kiti chake kibovu. "Ulipoanguka na baiskeli, darasa la sita, nani alikufunga mkono kwa kitambaa cha mama? Huyu ni wewe."

Kiganja kikateleza kwenye kioo. Doa likabaki wazi, na uso wa dada mtu ukamshuka kama amepigwa.

Hapo ndipo Profesa alipoelewa alichofanya. Alikuwa ametafuta picha ya mtu mzima wa afya, akaona aokoe muda, akatumia yake mwenyewe, na kompyuta ikaipaka doa. Na usomi wake wote, hakufikiria kwamba dada yake anaweza kumtambua kwa mifupa.

"Doa ni la kuchora, dada," akasema akimshika mabega. "Mimi mzima. Nakuapia, mimi mzima."

Dada mtu akamfinya sikio mpaka likawa jekundu, halafu akamkumbatia, akalia, wakalia wote wawili. Machozi yalipokauka, akataka kuonyeshwa zile nukta. Akazitazama muda mrefu, jinsi zilivyoliacha doa na kuendelea na safari.

"Yule dereva naye ana watu wake," akasema. "Kesho naingia kazini. Na nitakuwa naziba."

Profesa akamtania kwamba kioo cha hospitali kitajaa alama za viganja. Dada mtu akamjibu kwamba kitambaa cha kufutia anacho, na amlete mtu wa kutengeneza hiki kiti.