Klachi ya Marehemu

Pikipiki ilikuwa imesimamishwa nyuma ya choo cha kituo cha polisi, katikati ya magari mawili yaliyoungua, na majani yalikuwa yameshaota hadi kwenye ringi. Mama Pacha aliitambua kwa kreti ya mikate iliyopondwa ubavu. Tangu mumewe azikwe, mvua za msimu mzima ziliinyeshea, wala hakutokea mtu wa kuifunika hata kwa gunia. Aliyalaza majani kwa kandambili, akashika usukani, akaitazama.

"Usimwangalie hivyo," alisema shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa pikipiki, akitua begi la spana. "Bi Mkubwa hapendi kuonewa huruma."

Ndilo jina lake hilo. Marehemu aliinunua pikipiki hii kabla hajaoa, ikiwa imeshazeekea mikononi mwa wengine, na siku ya harusi alimwambia bibi harusi mbele za watu kwamba anaingia kwenye nyumba yenye mke mkubwa tayari, asije akasema hakuambiwa. Watu walicheka. Jina likabaki.

Bi Mkubwa alikuwa na ugonjwa mmoja. Akikaa sana bila kutembea, sahani za klachi ndani ya injini zinagandana. Unabana mkono wa klachi kwenye usukani lakini injini na gurudumu haviachani, na ukitia gia anaruka na wewe. Kwa hiyo kila jioni marehemu aliubana ule mkono, akaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu mpaka alfajiri, sahani zikalala zimeachana. Akisahau yeye, mkewe anafunga. Hata watoto walikuwa wakiulizana kabla ya kulala, Bi Mkubwa kafungwa?

Na haya yote Mama Pacha aliyasema mwenyewe hapa kituoni, matanga hayajaanuliwa, macho yamevimba. Aliulizwa pikipiki ilikuwa na kasoro gani. Akajibu kwamba huwa inaganda klachi ikikaa, ndiyo maana tunaifunga, na kwamba siku ile haikuwa imekaa, ilikuwa barabarani tangu alfajiri ikigawa mikate, injini moto. Ulimi hauna mfupa. Polisi walichukua ile nusu ya kwanza, ya pili wakaiacha hapohapo mdomoni mwake.

Sasa maneno ya kituo ni kwamba marehemu alisimama njia panda, klachi ikakwama, pikipiki ikaruka yenyewe na kuingia mbele ya gari la mtoto wa mkubwa mmoja serikalini, gari lililokuwa likienda zake kwa adabu. Kwa adabu, ndivyo walivyosema. Gari hilo la adabu lilimburuta mtu hadi mlangoni kwa muuza mabati.

Tajiri wa mikate, mwajiri wa marehemu, ambaye familia iliishi katika chumba cha nyuma ya tanuri lake, alikuja kutoa pole na kusema lake. Kama kosa si la marehemu, kaeni, nyinyi ni watu wangu. Kama ni lake, basi kaniharibia jina, nami nitataka chumba changu. Mama Pacha akaanza kwenda kituoni kila asubuhi kuomba mkaguzi wa magari aje aipime klachi. Walimwambia mkaguzi yuko safari, mkaguzi anaumwa, mkaguzi hana usafiri. Alikwenda hivyo hivyo, mpaka jana Sajini wa kituo alipomwambia kwa sauti ya upole kwamba mkaguzi anakuja kesho, na yeye aje.

"Jaribu," Mama Pacha alimwambia shemeji yake.

Shemeji aliubana mkono wa klachi. Ukaja vizuri. Alichungua waya wake, akaufuata kwa kidole mpaka unapoingia kwenye injini, akaona kikono kidogo cha chini kinasogea kama inavyotakiwa. Akatia gia, akabana tena, akasukuma. Gurudumu la nyuma lilikataa kabisa kuzunguka.

"Waya mzima," alisema. "Ni sahani. Zimegandana, shemeji. Mvua yote hii, na hakuna aliyemfungia mpira."

Mkaguzi atakuja, atabana, atasukuma, atakuta imekwama. Basi. Marehemu atakuwa kajiua mwenyewe, na wanawe watalala nje kwa sababu hiyo.

"Inaachia?"

"Huwa anaachia. Anataka moto na ukali, kama bosi wangu. Lakini hapa ni polisi. Hatugusi bila ruhusa."

Sajini alikuwa ameshafika, mikono nyuma, viatu vinang'aa. Hawakumsikia akija.

"Ruhusa ya nini tena, jamani? Mali si yenu? Iwasheni, mkaguzi akija aikute ina uhai. Mama, umesimama kwa nini? Mleteeni kiti."

"Afande, tunaweza kufungua klachi?" Mama Pacha alitaka kulisikia jibu kwa masikio yake. "Imeganda kwa kukaa hapa kwenu."

"Fanyeni mnavyojua. Mimi si fundi." Akatabasamu. "Hapa ni kwenu."

Kiti cha plastiki kililetwa. Hajawahi kuletewa kiti katika kituo hiki, hata siku aliyokuja kuulizia mwili wa mumewe. Kule barazani askari mmoja kijana alikuwa ameegemea nguzo, kainua simu mbele ya uso wake, anaisogeza huku na huku. Mama Pacha alidhani anatafuta mtandao.

"Simba mwenda pole," shemeji alinong'ona.

"Nyamaza. Fanya kazi."

Petroli ya kwenye tangi ilikuwa imeoza, inanuka rangi. Shemeji alining'iniza chupa ya petroli aliyokuja nayo kwenye usukani, akaiunga kwa mpira moja kwa moja na kabureta. Alisafisha plagi, akaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lielee, akapiga kiki mpaka shati likalowa mgongoni. Bi Mkubwa alikohoa, akatema moshi mweusi, akanyamaza. Akapigwa tena. Safari hii aliunguruma, na Mama Pacha akajikuta ameziba mdomo kwa kanga, kwa sababu ndio ulikuwa mlio wa kila alfajiri, na nyuma ya mlio ule kulikuwa na mtu.

Waliiacha ipate moto. Oili ikilainika, alieleza shemeji, sahani zinapunguza ubishi.

"Haya, panda. Kama zamani."

Maana hata zamani, zile asubuhi ambazo mpira ulikatika usiku, ilikuwa kazi ya watu wawili. Mke juu ya kiti anabana klachi, mume pembeni na breki. Alipanda, akajifunga kanga vizuri, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe mahali pake. Shemeji akatia gia kwa mkono, pedali ilikuwa imepinda. Gurudumu likaanza kuzunguka hewani. Mama Pacha akabana kwa nguvu zake zote, nalo likaendelea kuzunguka kana kwamba hajafanya kitu.

Shemeji akakanyaga breki. Injini ikakabwa, ikazima.

Wakawasha tena. Ikazima tena. Barazani askari wa simu alikuwa amesogea karibu, na sasa Mama Pacha aliona kwamba hatafuti mtandao wowote. Simu ilikuwa inawaangalia wao.

"Shemeji, anatupiga picha."

"Atupige. Tumeiba? Bana."

Akabana. Shemeji akaongeza moto, akakanyaga breki kwa ghafla, na ndani ya injini kitu kikalia tak. Gurudumu likasimama. Injini ikaendelea kunguruma, gia ipo ndani, na gurudumu limesimama. Shemeji aliondoa mguu kwenye breki polepole, hata yeye haamini. Limesimama vilevile.

Mama Pacha alicheka. Hakuwa amecheka tangu msiba, na cheko lilimtoka na machozi. Aliachia kidogo, gurudumu likazunguka. Akabana, shemeji akaligusa kwa breki, likatulia. Klachi nzima. Mumewe hakuwa na kosa, na ushahidi alikuwa ameushika kwa vidole vyake mwenyewe.

"Usiachie," alisema shemeji, naye anacheka. "Huyo anakuja."

Mkaguzi alikuwa mtu mnene mwenye kalamu sikioni, anatembea akikwepa matope. Sajini alikuwa pembeni yake. Hawakuja mpaka kwenye pikipiki. Walisimama kwenye kona ya choo.

"Nani kaiwasha?" aliuliza mkaguzi.

"Wao," alisema Sajini.

"Na klachi?"

"Ilikuwa imekwama, kama mama huyu alivyotuambia mwenyewe siku ya kwanza. Huyu kijana kaitengeneza sasa hivi. Tunayo kwenye simu, mwanzo mpaka mwisho."

Cheko la shemeji lilikatika. "Afande, si wewe uliyesema tuiwashe? Umesema fanyeni mnavyojua."

"Mimi? Mimi si fundi, bwana mdogo. Nilijuaje mnaharibu ushahidi?"

"Imeganda kwa kukaa hapa," Mama Pacha alipaza sauti juu ya mlio. "Ilikuja hapa nzima. Njoo uone, mzee wangu, njoo tu uangalie gurudumu."

Mkaguzi alitazama viatu vyake. "Mama, mimi nisemeje? Ningeikuta imekwama, ningesema imekwama. Nimeikuta imetengenezwa. Kitu kizima hakitengenezwi." Alisema hivyo kwa uchovu, kama mtu aliyekwisha kuyasema njiani.

Askari wawili walimshika shemeji, mmoja huku, mmoja huku. Hakubisha. Alichosema tu, akiwa anavutwa, ni: "Usiachie, shemeji. Mtu aone kwanza."

"Zima hiyo, mama," alisema Sajini. Sauti ilikuwa ileile ya upole.

Hakuzima. Alikaa juu ya Bi Mkubwa, mkono wa kushoto umebana, gurudumu nyuma yake limetulia tuli. Mtu mmoja tu atazame. Mkaguzi alikuwa amempa mgongo, anaomba maji ya kunawa. Sajini alikuwa anawaelekeza askari chumba cha kumweka shemeji. Askari wa simu alikuwa ameishusha simu yake mfukoni.

"Angalieni," alisema. "Mbona hamwangalii?"

Chupani petroli ilikuwa imebaki ya kufunika kitako tu. Vidole vilianza kumlegea, kwanza kidole kidogo, kisha vyote. Angekuwa na kile kipande cha mpira angefunga, akashuka, akaenda kumgeuza yule mtu kwa mabega. Aliongeza mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Aliapa moyoni kwamba hataachia, na jasho likashuka likafika kwenye kiganja.

Mkono wa klachi ukamponyoka.

Gurudumu likazunguka kwa kasi, tope likaruka likagonga ukuta wa choo. Kwa kishindo hicho mkaguzi aligeuka, mikono bado inachuruzika maji, akatazama gurudumu kwa mara ya kwanza.

"Si unaona," alisema Sajini. "Inaruka yenyewe."

Na yule askari kijana akaitoa simu mfukoni, akaiinua.