Damu ya Sista

Paka wa Mektrida aliitwa Sista, kwa sababu alikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa kifua cheupe, kama mtawa. Alipoacha kula dagaa na fizi zake kuwa za njano, Mektrida, mjane wa Uru, alimtia kwenye kapu akashuka naye Moshi kwa daktari wa mifugo, Anaeli.

Anaeli alimpima damu. Ini lilikuwa na shida, lakini chanzo hakikuonekana.

"Shauri ya uzee, mama. Au amekula sumu ya panya."

"Sumu hajala, mimi ndiye ninayemlisha," Mektrida alijibu. "Na paka wa jirani yangu Flavia alianza hivi hivi, akafa."

Anaeli aliweka kalamu chini. Akamwomba arudie, naye safari hii akaandika kila neno. Kisha akampa Sista dripu na dawa, na damu iliyobaki akaipeleka maabara, ambako wenzake walikuwa wakitafuta kirusi kipya cha paka, cha ukoo mmoja na kile cha homa ya ini aina B kwa binadamu.

Baada ya wiki tatu alipanda Uru mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Kirusi kimeonekana."

Mektrida alikaa kwenye kigoda. "Nami je? Huyu analala miguuni pangu."

"Mpaka sasa hakuna ushahidi kwamba kinampata mtu. Hata hatujawa na hakika kama ndicho kilichoharibu ini lake. Ndiyo maana tunahitaji kupima paka wengi zaidi."

Habari zilienea, na wengine wakasema paka wote watupwe. Jumapili, baada ya misa, Mektrida alimsimamisha Anaeli mbele ya watu awaeleze. Alhamisi iliyofuata walimletea paka kumi na mmoja wapimwe, wengine ndani ya viroba. Flavia alileta mtoto wa yule paka wake aliyekufa. Majibu yalipotoka, wawili kati ya hao walikutwa na kirusi.

Sista hakurudia unene wake, lakini alianza tena kula.

Mektrida alimfungia Anaeli mkungu wa ndizi. "Asante, mwanangu. Umemtibu kama mgonjwa kweli."

"Mimi ndiye wa kushukuru, mama. Bila wewe ningeandika uzee, nikafunga faili."

Mektrida alicheka, akamsaidia kuupakia mkungu kwenye pikipiki.